Kupaka upya treni ya plastiki kwa mchezo wa vita wa mezani

Karibu kila Jumamosi tunapopanga meza kibarazani kwangu Nyegezi, Mwanza, anatokea kijana ameshika treni ya plastiki aliyoinunua mjini. Nyekundu ya kuumiza macho, magurudumu ya njano, pengine na uso unaocheka mbele ya kichwa. Maswali nayo ni yale yale. "Kaka, naanza na rangi gani?" "Mbona yangu inanata wiki nzima?" "Lazima niagize rangi nje?" Nimeshayajibu mpaka sauti imekauka, basi leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kuagiza nje si lazima. Ufundi mkubwa wa mkono pia si lazima. Kazi yako kubwa ni kuua mng'aro. Mchezaji anaiangalia treni akiwa amesimama, umbali wa mkono mmoja au zaidi, wala haoni kama mstari wako umepinda. Anachokiona ni plastiki inayong'aa, na hapo hapo anajua hiki ni kitu cha mtoto. Hatua nyingi hapa chini zinahusu hilo tu.

Kabla hujatoa hela

Askari wetu wengi, yaani vile vinyago vidogo vya mchezo, ni wa milimita 28, kipimo cha kutoka unyayoni hadi machoni, ambacho kwa kukadiria ni 1:56, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 56. Mtie mmoja mfukoni uende naye Makoroboi au Mlango Mmoja, umsimamishe kando ya mlango wa dereva wa treni. Machinga atakushangaa kidogo, kisha atarudi kwenye bei. Mlango wa mita mbili kwa kipimo hicho unakuwa kama milimita 36. Ukikuta mlango unamfikia askari kifuani, rudisha treni mezani. Hakuna rangi ya kuokoa treni ambayo dereva wake anaingia kwa kutambaa. Ukizidi kidogo si neno, kwa sababu askari amepandishwa na kibao kidogo anachosimamia.

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na kwa 1:56 hiyo ni karibu milimita 18. Ya SGR, milimita 1,435, inakuwa 25 na nusu. Ukipata vipande vya reli ya HO, kipimo kimojawapo cha treni za modeli, ambayo upana wake ni milimita 16.5, vinafaa kabisa kwa reli ya mita. Reli zinazokuja ndani ya boksi la treni ya kuchezea mara nyingi ni pana na nene kupita kiasi. Mimi huziacha.

Bonyeza plastiki kwa ukucha. Ile ngumu, inayolia "ka" ukiigonga, ndiyo unayoitaka. Ile laini inayobonyea kama ndala ina mafuta ndani yake, na ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoyapata.

Halafu kuna historia, ambayo mimi niliilipia kwa aibu. Niliwahi kupanga pambano la mwaka 1916, Waingereza wanaichukua Mwanza kutoka kwa Wajerumani, na katikati ya meza nikaweka treni yangu mpya, masizi na kutu vyote vimekaa vizuri. Akapita mzee mmoja mstaafu wa reli. Tukamwamkia, akaitikia, akaitazama meza kimya. Kisha akasema, "Kazi nzuri, mwanangu. Ila mwaka huo treni ilifikaje hapa?" Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo ukitaka treni, ziwa na Vita ya Kwanza kwa pamoja, hamishia meza Kisumu, ambako reli ilifika 1901. Au nenda kwenye pigano la Tanga, Novemba 1914. Au cheza doria za Wajerumani zilizokuwa zikitega mabomu kwenye reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa, upande wa Voi. Hapo treni ndiyo mchezo wenyewe.

Rangi nayo ifuate enzi. Kichwa cheusi kilichofifia hakikosei kwa treni ya mvuke ya miaka hiyo. Ile damu ya mzee ya kuvutia, kama ya Garratt za daraja la 59, vile vichwa vikubwa vya mvuke, ni ya baadaye sana: zile mashine 34 ziliingia Afrika Mashariki kati ya 1955 na 1956, na mojawapo, Mount Gelai, ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nzuri mno, ila usiipeleke 1914.

Vitu vya kuwa navyo

- Bisibisi ndogo ya nyota, wembe au kisu chenye ncha, na kipande cha msumeno wa chuma.
- Msasa laini, namba 400 kwenda juu.
- Sabuni ya maji ya vyombo, beseni, mswaki wa zamani.
- Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine, ya kopo la kupuliza. Kwenye maduka ya rangi za magari ulizia praima ya plastiki, ile wanayopulizia bampa.
- Rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa: nyeusi, nyeupe, kahawia. Ukipata duka la kukupimia kidogo, chupa ndogo ya kila moja inatosha treni tatu. Nyekundu na njano chukua zile chupa ndogo za kuchanganyia.
- Brashi mbili nzuri, na moja mbovu ambayo huionei huruma.
- Sponji ya godoro, pamba za masikio, vijiti vya meno, gundi ya mbao, gundi ya fasta.
- Vanishi isiyong'aa. Soma kopo mara mbili.
- Gavu, na barakoa ya vumbi kwa ajili ya msasa. Kupuliza ni nje tu.

Kazi yenyewe

1. Fungua, toa tumbo. Ondoa betri kwanza, hata kama huna mpango wa kubadilisha kitu kingine. Betri iliyosahaulika huvuja na kula kila kitu. Toa mota na nyaya kama treni haitatembea yenyewe, na kwenye meza ya vita haitatembea yenyewe. Skrubu zitie kwenye kizibo cha soda. Bila mota kichwa kinakuwa chepesi na kuanguka kila mtu akigusa meza, kwa hiyo gundisha misumari michache au vijiwe ndani, chini kabisa, kabla ya kufunga.

2. Ng'oa stika, kisha osha. Gundi ya stika inayobaki ipake mafuta ya kupikia, iache robo saa, ifute. Sasa osha kila kipande kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki, hasa kwenye kona. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kuiachisha kwenye umbo lake, halafu yanaongezwa na ya mikono ya watu wote walioishika sokoni. Suuza, anika kivulini usiku kucha. Kuanzia hapo ishike kwa kitambaa au ukiwa na gavu. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na anayeiruka hurudi kwangu baada ya wiki mbili na rangi inayobanduka kama ganda la yai.

3. Kata kinachoisaliti. Treni nyingi za bei rahisi zimeiga zile za Kimarekani za karne ya 19: bomba la moshi lililopanuka juu kama faneli, kengele, na ngao ya kusukumia ng'ombe mbele. Bomba likate kwa msumeno wa chuma, uweke kifuniko cha kalamu nene ya wino. Kengele iondoke. Uso unaocheka upige msasa, ufunike kwa duara la plastiki iliyokatwa kwenye kopo la mtindi. Ile mistari ya maungio inayopita juu ya tangi iparue kwa mgongo wa wembe, si kwa makali.

   Sehemu zenye rangi ya fedha kama kioo ni kesi nyingine. Rangi haikai juu yake. Zilaze kwenye Jik, mng'aro utaondoka, mara nyingine ndani ya saa moja, mara nyingine siku nzima. Fanyia nje, vaa gavu, na usichanganye Jik na dawa ya choo wala kitu kingine chochote. Hewa inayotoka inaumiza mapafu.

4. Piga msasa. Loweka msasa, sugua kwa duara ndogo ndogo mpaka plastiki ipoteze mng'aro, iwe kama imepakwa vumbi. Huhitaji kuikwaruza mpaka ukaona mifereji. Suuza tena.

5. Ongeza ya kwako. Ukifika hapa usiwe na haraka, maana hapa treni inaanza kuwa yako. Misumari ya bamba: chovya kijiti cha meno kwenye gundi ya mbao, gusa, acha nukta, zikikauka zinakuwa vichwa vya ribiti. Mabamba ya kujikinga risasi: kadi ya boksi la dawa, ipakwe gundi ya mbao pande zote ili isinyonye rangi. Viroba vya mchanga: puti ya kukanda ya sehemu mbili, ikunjwe vidonge virefu na kubonyezwa kimoja juu ya kingine kama matofali, kabla haijakauka. Turubai la behewa: karatasi ya chooni iliyolowa gundi ya mbao na maji nusu kwa nusu, itandazwe juu ya mzigo.

   Na mzigo, jamani, tuko Usukumani. Marobota ya pamba yanatengenezwa kwa sponji ya godoro iliyokatwa vipande vya mche, ikazungushiwa bandeji na kufungwa uzi. Marobota sita kwenye behewa wazi, na askari wawili wamejibanza nyuma yake, ni kinga nzuri mchezoni na ni picha ya nyumbani.

6. Praima. Kwanza jaribu chini ya behewa, mahali pasipoonekana, usubiri siku moja. Kama plastiki haikulainika wala kukunjamana, endelea. Tikisa kopo dakika mbili kamili. Simama umbali wa sentimita 25 hadi 30, anza kupuliza pembeni ya kitu, pita juu yake, malizia pembeni upande wa pili. Tabaka jembamba, subiri robo saa, tabaka jingine. Ukiona bado kuna madoa ya nyekundu baada ya tabaka la kwanza, ndivyo inavyotakiwa.

   Kwa sisi wa kando ya ziwa saa ya kupuliza ni muhimu kuliko kopo lenyewe. Mchana upepo unatoka ziwani na vumbi linapanda. Rangi inakauka hewani na kutua kama unga. Jioni ukiwasha taa, vile vijidudu vya ziwani vinavyoruka kwa makundi kama moshi vinaifuata, na vinapenda rangi mbichi kuliko kitu chochote duniani. Nina behewa moja lenye mabawa yake mpaka leo. Puliza asubuhi, umande umeshaondoka, upepo haujaanza, kisha ufunike kazi kwa boksi kubwa lililoinuliwa kidogo lipitishe hewa. Mvua ikiwa inanyemelea, acha kabisa.

7. Rangi ya msingi. Changanya rangi ya ukutani na maji kidogo, iwe kama maziwa mazito. Tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke. Usitumie nyeusi tupu. Ongeza tone la nyeupe na la kahawia, kwa sababu kitu kidogo kilichopakwa nyeusi ya makaa kinageuka shimo mezani, ribiti zote zinapotea. Behewa la mbao linapendeza kwa kahawia iliyochanganywa na nyeupe, mbao moja moja ukizitofautisha kidogo.

   Kosa kubwa hapa ni kutumia rangi ya mafuta kwa sababu ilibaki nyumbani baada ya kupaka mlango. Inafunika vizuri, ni kweli. Pia inang'aa, inajaza kila kona, na kwenye plastiki laini inaweza isikauke kamwe.

8. Maji ya tope. Nyeusi na kahawia, sehemu moja ya rangi kwa sehemu nane hivi za maji, na tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yatambae badala ya kusimama kama matone. Yapake treni nzima, yashuke kwenye mifereji na kuzunguka ribiti. Panapotuama, vuta kwa pamba ya masikio. Ikiwa mbichi itakutisha. Nenda kanywe chai.

9. Brashi kavu. Sasa ile brashi mbovu. Changanya rangi ya msingi na nyeupe, chovya ncha, kisha futa kwenye gazeti mpaka ionekane kama hakuna kilichobaki. Pitisha haraka juu ya kingo na ribiti. Rangi inashika panapochomoza tu. Hii ni hatua ya dakika kumi, na ndiyo inayowafanya watu waulize umeinunua wapi. Ukiona mistari ya brashi, hukufuta vya kutosha.

10. Kutu, masizi, chumvi, vumbi. Kutu: kahawia na njano na nyekundu kidogo, ichovye kwa kipande cha sponji, ifute, gusa gusa kwenye kingo za chini, ngazi, na pale viungo vinapogongana. Inapochuruzika, ichuruzike kwenda chini. Nimeona kutu iliyochuruzika pembeni kana kwamba dunia imelala. Masizi: saga mkaa uwe unga, paka kuzunguka bomba na mgongoni kwa brashi kavu. Mistari myembamba ya weupe chini ya vali na mabomba ni chumvi ya maji ya boila yaliyovuja, na treni za mvuke zilikuwa nayo kweli. Mwisho vumbi, rangi ya udongo iliyofifia, kwenye magurudumu na robo ya chini ya mabehewa, si juu. Na uache kabla hujaridhika.

11. Vanishi. Isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, kwa masharti yale yale ya asubuhi na ukavu. Unga wa mkaa utafifia kidogo, uongeze tena ukitaka. Treni isiyo na vanishi itapoteza rangi kwenye paa ndani ya michezo mitatu, kwa sababu kila mtu huishika hapo.

Reli nitaipitia haraka. Mataruma ni vijiti vya aiskrimu vilivyokatwa, kokoto ni mchanga wa ufukweni uliochekechwa kwa chujio la chai na kuoshwa, vyote juu ya ubao mwembamba kwa gundi ya mbao. Gawanya vipande vya sentimita 30 ili meza ipangike upya. Rangi ni ile ile: maji ya tope, brashi kavu, basi.

Ikiharibika

*Inanata hata baada ya wiki.* Rangi ya mafuta au ya kupuliza imekutana na plastiki laini. Kuianika juani hakusaidii, inaikunja plastiki tu. Jaribu kuifunika kwa tabaka mbili za rangi ya maji isiyong'aa na vanishi ya maji. Ikiendelea, ifanye ajali: behewa lililopinduka kando ya reli, limechomwa moto. Halishikwi na mtu.

*Inabanduka.* Hukuosha, au hukupiga msasa, au vyote. Hakuna njia ya mkato. Iondoe uanze hatua ya pili.

*Nataka kuondoa rangi yote.* Rangi ya maji inatoka kwa Dettol isiyochanganywa na maji. Iloweke usiku kucha kwenye chombo chenye kifuniko, sugua kwa mswaki na gavu, suuza kwa Dettol nyingine kwanza. Ukikimbilia maji mapema, rangi inageuka ulimbo wa kunata kila mahali. Sabuni na maji vije baadaye. Petroli na thina viache kwenye gereji, vinayeyusha plastiki hii ngumu mpaka inakuwa uji.

*Imekunjamana kama ngozi ya kiazi.* Umepuliza kitu chenye thina juu ya rangi ambayo haijakomaa. Subiri siku kadhaa, piga msasa, rudia kwa tabaka nyembamba. Au ipake kutu. Bamba bovu ni bamba bovu.

*Vanishi imekuwa na ukungu mweupe.* Unyevunyevu. Ngoja siku kavu upulize tabaka jembamba sana jingine, mara nyingi ukungu unapotea. Usipopotea, brashi kavu ya vumbi juu yake.

*Uso una chembechembe kama msasa.* Ulipuliza kwa mbali au kwenye upepo. Kwa behewa la mizigo mimi huiacha.

*Imekuwa nyeusi mno.* Kila mtu hufika hapa mara ya kwanza. Rudia hatua ya tisa kwa rangi iliyo nyeupe zaidi, usiguse mifereji.

*Askari wanateleza behewani mtu akisukuma treni.* Kata kipande cha msasa uliochakaa, kigundishe sakafuni mwa behewa, kipake kahawia.